Makande yanaongezwa maji, kitenge je?

Kaa mkao wa kula, maana leo tunaingia kwenye hesabu. Usikimbie! Sio zile hesabu za ubaoni zilizokufanya uchukie shule. Hizi ni hesabu za nguo, na ukizikosea zinakuumbua mbele za watu, tena siku yenyewe umevaa viatu vipya.

Unajua mwenyewe ikikaribia Desemba watu wa Same walioko Dar, Arusha na Moshi wanavyofungasha kurudi nyumbani. Huyu anapanda Chome, yule Mamba, mwingine anashukia tambarare ya Maore au Ndungu, mwingine Vudee. Na huko nyumbani siku hizi sherehe haipiti bila sare. Harusi sare, sendofu sare, kipaimara sare, kwaya ndiyo usiseme.

Sasa kazi ya kununua vitambaa anatupiwa nani? Kijana aliyeko mjini. Unapigiwa simu: "Mwanangu, wewe si uko karibu na Kariakoo? Tuletee vitenge vya sare, tuko 20." Basi, simu imekatika. Hakuna aliyesema yadi ngapi, hakuna aliyetaja nyonga za mtu, hakuna aliyeuliza kitambaa kina upana gani. Wewe na mkwanja wa watu mfukoni unasimama mbele ya muuza duka umetoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Upareni, wageni wakizidi waliotarajiwa, sufuria la makande linaongezwa maji kidogo na moto unachochewa, watu wanakula na wanasifia. Kitenge hakina huruma hiyo. Kikipungua nusu yadi kimepungua. Na kikipungua ukiwa milimani, shughuli unayo! Gari la kushuka Same mjini linaondoka alfajiri, unalipa nauli ya kushuka, unalipa ya kupanda, na ukifika dukani ua lile halipo. Mwenye duka anakuonyesha linalofanana. Linalofanana, dada yangu, sio lenyewe. Mkisimama mstari mmoja kanisani kila mtu ataliona.

Halafu kuna jambo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote. Kitambaa kikipungua, anayekosa sare ni nani? Sio yule mwembamba aliyepimwa wa kwanza. Ni yule dada mwenye umbo lake, mwenye nyonga zake alizopewa na Mungu. Ndiye anaambiwa, "Wewe vaa tu sketi yako nyeusi, usimame nyuma." Amechanga sawa na wenzake, pengine hela ya tangawizi aliyoilima na kuibeba kichwani, lakini siku ya siku anafichwa nyuma kama kiti kibovu. Mimi hilo silikubali. Na dawa yake ni hesabu tu.

WAZEE HAWAKUTAKA KUKADIRIWA

Watu hutania kwamba Mpare senti haimtoki bila kuhesabiwa mara mbili. Watanie watakavyo, lakini historia ipo. Miaka ya 1940 ililetwa Upareni kodi iliyoitwa mbiru, ambayo mtu alitozwa kwa kukadiriwa mali aliyonayo. Watu wakaikataa. Mwaka 1945 maelfu walishuka kutoka milimani mpaka Same, yalikokuwa makao ya wilaya, kupinga kodi hiyo.

Sasa wewe mjukuu wao, inakuwaje fundi anakutazama toka utosini hadi kisigino, anafumba jicho moja kama anapiga manati, halafu anasema, "Wewe lete yadi nne"? Na wewe unaitikia! Yadi nne za upana gani? Za mshono gani? Huko si ndiko kukadiriwa kwenyewe?

KWANZA, FUTIKAMBA

Futikamba ya fundi ina inchi 60 upande mmoja na sentimita 150 upande wa pili. Inchi 1 ni sentimita 2.54. Yadi 1 ni inchi 36, yaani sentimita 91 na nusu hivi. Mita 1 ni inchi 39 na ushee. Maana yake mita inaizidi yadi kwa inchi 3 na zaidi kidogo.

Unasema inchi 3 ni nini? Haya, nunua yadi 30 ukidhani ni mita 30. Yadi 30 ni mita 27 na nusu tu. Umekosa mita 2 na nusu, na hizo ni nguo za watu!

Hata kwenye bei ni vivyo hivyo. Tuseme, kwa mfano tu, duka la kwanza linauza yadi kwa shilingi 5,000 na la pili linauza mita kwa 5,300. Haraka haraka utakimbilia la kwanza. Subiri. Ukiigeuza ile bei ya yadi iwe ya mita inafika kama 5,470. Kumbe la pili ndilo rahisi! Simu yako ina kikokotoo, itumie. Sio picha tu kila siku.

Na ukiwa huna futikamba? Bibi zetu walipima kwa mwili. Shubiri 2 mkono 1, mikono 2 wari 1, mikono 4 pima 1. Wari ndiyo yadi hiyo hiyo. Shubiri ni toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo ukitanua kiganja, kama inchi 9. Mkono ni toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kama inchi 18. Pima ni mikono yote miwili umeinyoosha. Lakini shubiri ya mtu mzima sio ya binti wa darasa la tano. Kaa nyumbani siku moja, pima shubiri yako kwa rula, ujue ni inchi ngapi. Kuanzia hapo hakuna muuza duka atakayekuvutia kitambaa kwa haraka haraka ukashindwa kumshtukia.

Ukiona ufito wa dukani una mashaka, useme. Vipimo vya biashara vina sheria yake nchini, na tangu mwaka 2002 tuna Wakala wa Vipimo ambao kazi yao ndiyo hiyo. Kudai yadi kamili sio uchoyo.

PILI, UPANA NDIO MCHAWI

Watu wengi wakiuliza kitambaa wanauliza urefu tu. Kosa hilo! Mchawi ni upana. Kitenge kwa kawaida kina upana wa inchi 45 hivi. Vitambaa vya suti na suruali vingi ni inchi 58 hadi 60. Vipo pia vyembamba vya inchi 36. Kwa hiyo "yadi mbili" peke yake ni maneno ya hewani. Yadi 2 za kitambaa cha inchi 60 ni nyingi kuliko yadi 2 za kitenge, na mshono mmoja unaweza kula nusu yake au mara mbili yake.

Ngoja nikupe mfano wa sketi ya kawaida kabisa, ile nyembamba iliyonyooka, inayopita goti kidogo, zipu pembeni. Vipande viwili: mbele na nyuma. Basi.

Tuanze na urefu. Sketi inchi 26, upindo wa chini 2, nafasi ya mshono wa kiunoni 1. Jumla 29. Urefu huo ni wa kila mtu, maana mnataka mapindo yalingane mkisimama.

Sasa upana. Chukua nyonga pale zilipo pana kuliko pote. Ongeza inchi 2 za kukalia na kupumua, maana nguo sio ngozi. Halafu mishono: pembeni kulia na pembeni kushoto, kila kipande kina kingo 2, jumla kingo 4, kila ukingo inchi 1. Hizo 4.

Dada wa kwanza ana nyonga 36. Hesabu: 36 na 2 na 4, ni 42. Kitenge ni 45. Imeingia! Kipande cha mbele na cha nyuma vinalala ubavu kwa ubavu. Anahitaji urefu mmoja tu, inchi 29, na mkanda wa kiunoni inchi 3. Jumla 32. Yadi moja inamtosha na chenji juu.

Dada wa pili ana nyonga 40. Hesabu: 40 na 2 na 4, ni 46. Kitenge ni 45. Haijaingia! Inchi moja tu imekataa. Sasa vipande havilali ubavu kwa ubavu, inabidi kimoja kikae juu ya kingine: 29 mara 2, inchi 58. Mkanda unatoka kwenye masalio ya pembeni. Inchi 58 ni yadi 1 na robo tatu ukinunua dukani.

Umeona mambo? Tofauti ya nyonga ni inchi 4 tu, lakini kitambaa kimeruka kutoka 32 hadi 58! Nguo haipandi taratibu kama ngazi za nyumba. Inakaa pale pale, inakaa pale pale, halafu ghafla inaruka. Ndiyo maana ule mtindo wa "yeye ni mnene kidogo, mwongezee nusu futi" haufanyi kazi. Ama hahitaji hata inchi, ama anahitaji urefu wa pili mzima.

Fundi mjanja atakwambia, "Mimi naibana mishono iwe nusu inchi." Sawa, inakuwa 40 na 2 na 2, ni 44, inaingia kwenye 45. Lakini kumbuka kitenge pembeni kina ule ukingo wenye maandishi, ambao hutaki uonekane. Na ukinenepa kidogo baada ya sikukuu, hakuna pa kufungulia. Uamuzi ni wako, ila uamue ukijua.

Kitambaa cha inchi 60, je? Hapo dada zetu wote wawili wanaingia kwa urefu mmoja. Yadi moja kila mtu. Kwa hiyo kitambaa cha upana mkubwa kinaweza kuwa ghali kwa yadi, lakini kwenye sketi kikawa rahisi. Usiangalie bei ya yadi, angalia bei ya nguo iliyokwisha kushonwa.

TATU, ILE INAYOZUNGUKA KAMA MWAMVULI

Kina dada wa mjini mnaipenda ile sketi ya duara, ukigeuka nayo inageuka. Hiyo inakula kitambaa kuliko zote, na hapa ndipo ile 22/7 ya darasani inarudi. Ulidhani umeachana nayo?

Kiuno inchi 28. Tundu la katikati liwe na nusu-kipenyo gani? Zidisha 28 kwa 7, gawa kwa 44. Unapata 4 na nusu kasoro kidogo. Urefu wa sketi 24, upindo 1, kwa sababu upindo mpana kwenye duara unakunjamana. Jumla toka katikati hadi chini: 4 na nusu, na 24, na 1, ni 29 na nusu. Duara zima ni mara mbili yake, inchi 59.

Kwenye kitambaa cha inchi 60 duara linaingia lote, hata mshono wa ubavuni hakuna. Unahitaji inchi 59, na inchi 4 za mkanda. Jumla 63. Hiyo ni yadi 1 na robo tatu kamili.

Kwenye kitenge cha inchi 45 duara haliingii. Unakata nusu-duara mbili, kila moja inchi 59 kwa urefu. Jumla 118, yaani yadi 3 na nusu dukani, na mkanda utatoka kwenye masalio. Mara mbili kamili! Mshono ule ule, dada yule yule. Sasa ukimsikia mtu anakwambia "sketi ya duara ni yadi mbili," muulize kwa upole, "Za upana gani, shoga?"

NNE, KAMATI YA SARE

Turudi kwa wale 20 waliokupigia simu. Tuseme ni kwaya, kina dada watupu, na mshono ni ile sketi nyembamba. Umewaambia wakutumie nyonga za kila mtu. Umepata 12 ambao nyonga zao ni 38 kushuka chini, na 8 ambao ni zaidi ya 38. Kwa nini 38? Kwa sababu 38 na 2 na 4 ni 44, bado inaingia. Inayofuata, 39, inagonga 45 yenyewe na ukingo wenye maandishi haukuachi.

Kamati ya kwanza inapima mtu mmoja, yule mwembamba aliyekaa karibu na mwenyekiti. Yadi moja mara 20, yadi 20. Matokeo yake nimekwisha kukwambia: wakubwa hawatoshewi.

Kamati ya pili ina uoga. Inampima mkubwa kuliko wote, inazidisha. Yadi 1 na robo tatu mara 20, yadi 35. Kila mtu amepata, lakini yadi kibao zinabaki na mchango ulikuwa mkubwa bila sababu. Aliyeshindwa kuchanga akajitoa kwenye kwaya kimya kimya.

Kamati ya tatu inatenganisha. Watu 12 kwa yadi 1 ni 12. Watu 8 kwa yadi 1 na robo tatu ni 14. Jumla 26. Kitenge kinauzwa kwa pisi za yadi 6, kwa hiyo 26 sio pisi 4, ni 5. Hawa nawapa pongezi, wamefanya vizuri.

Lakini kamati ya nne, washkaji, hiyo ndiyo ya Kipare hasa! Inasema tusihesabu kwa yadi za kujumlishia, tuhesabu kwa inchi. Mdogo anakula inchi 32, mkubwa 58. Pisi ya yadi 6 ina inchi 216. Weka wakubwa 2 na wadogo 3 kwenye kila pisi. Wakubwa: 58 mara 2, ni 116. Wadogo: 32 mara 3, ni 96. Jumla 212. Imeingia, zimebaki inchi 4. Sasa pisi 4 zina wakubwa 8 na wadogo 12. Watu 20 wote ndani ya pisi 4! Pisi nzima imeokolewa, na hakuna aliyesimamishwa nyuma.

Angalia vizuri kilichotokea. Hawakuongeza kitambaa. Walipanga tu nani anakatwa pamoja na nani. Ukiweka wadogo peke yao pisi 2 na wakubwa peke yao pisi 2, wakubwa wanaingia 3 tu kwa kila pisi, jumla 6, na wawili wanakosa. Kitambaa ni kile kile, watu ni wale wale. Mpangilio tu ndio umewatupa nje.

Sitaki lakini nikudanganye. Inchi 4 kwenye pisi nzima ni kamba nyembamba. Fundi akikata kombo mara moja, imekwisha. Kwa hiyo ukichagua njia hii, pima kila pisi kabla ya kulipa, uhakikishe ina inchi 216 kweli, na fundi awe mtu unayemwamini. Kama huna uhakika, nunua pisi ya tano. Itakayobaki mtashona vilemba. Lakini ununue siku hiyo hiyo, duka hilo hilo. Rangi za mzigo wa leo na wa mwezi ujao haziwi pacha, hata kama ua ni moja.

Na kuhusu mchango: kila mtu alipe sawa. Nimesikia kamati zinazotaka kumtoza mkubwa zaidi. Jamani! Sare ni ya kwaya. Mbona kwenye pilau hatupimi nani kala vijiko vingapi?

TANO, KABLA MKASI HAUJAPITA

Pamba inaruka. Kitambaa cha pamba ambacho hakijafuliwa kikiingia majini kwa mara ya kwanza kinaweza kujikunja, na sketi iliyopita goti siku ya harusi ikawa juu ya goti siku ya shukrani. Chora mstari wa inchi 20 kwenye kona ya kitambaa, loweka kona hiyo, kausha, piga pasi, pima tena. Ikiwa 19, umepoteza 1 kwa kila 20. Kwenye pisi nzima hiyo ni karibu inchi 11. Sasa zile inchi 4 za kamati ya nne ziko wapi? Zimeingia mitini. Fanya jaribio hili kabla ya kupanga, sio baada.

Ua nalo linakula. Vidoti vidogo unavikata unavyotaka. Lakini ndege wenye vichwa na miguu huwezi kuwapindua, labda unataka kwaya nzima ivae ndege waliokufa. Ua kubwa la duara nalo likitokea pabaya nyuma ya sketi, utaimba watu wanacheka. Kwa ua kubwa, ongeza urefu wa ua moja kwa kila kipande.

Khanga ni somo lake. Doti ni vipande viwili, na kila kipande ni kama sentimita 150 kwa 110, kina pindo pande zote na lile jina lililoandikwa. Ukiikata ovyo, ujumbe unakatika katikati na nguo yako inatangaza kitu kingine kabisa. Na ukinunua vitenge, usiridhike na neno doti. Muulize muuzaji, "Doti yako ni yadi ngapi?" Kila mmoja ana ya kwake.

Pima pia mtu na sio nguo zake. Chome na Mamba asubuhi kuna baridi na ukungu wa Shengena, mtu amevaa sweta juu ya sweta. Ukipitisha futikamba hapo umempima kondoo! Avue masweta, asimame wima, asivute tumbo ndani. Hasa hilo la tumbo. Kaka zangu nanyi mnalo, mkipimwa suruali mnakuwa askari wa gwaride, mkikaa kula kifungo kinaruka.

Kaka zangu, na ninyi msijidhani mmesalimika. Suruali ya urefu wa inchi 42, weka na inchi 4 za upindo na kiunoni, ni 46, kama mita 1 na robo ya kitambaa cha inchi 60 kwa mtu wa umbo la kawaida. Mwenye tumbo la mheshimiwa anahitaji urefu wa pili, sheria ni ile ile ya nyonga. Suti nzima ni mita 3 na robo hadi 3 na nusu, na bitana yake unanunua mbali.

FUNDI NAYE NI MTU

Tumezoea kumsema fundi. Ati amekula kitambaa, ati mto wa kiti chake una ua la gauni lako. Mengine ni kweli, tusifichane. Lakini nimekaa kwenye vibaraza vya mafundi pale Same mjini, nikaona upande wa pili. Mteja anakuja na yadi 2, anataka gauni refu lenye mikono mirefu na malinda, kama alivyoona kwenye simu. Fundi akimwambia haitoshi, anaitwa mwizi. Akishona hivyo hivyo, anaitwa hajui kazi. Afanyeje?

Mimi nasema ukifika na vipimo vyako vimeandikwa kwenye karatasi, upana wa kitambaa, nyonga, urefu, upindo, mishono, mazungumzo yanabadilika. Fundi mzuri anafurahi, maana amepata mtu wa kuzungumza naye. Fundi mjanja mjanja anashtuka, anakohoa. Na mabaki uyaombe mwanzoni, kabla ya kazi, kwa heshima: "Fundi, vipande vitakavyobaki naomba unifungie, shikamoo." Ukidai mwishoni ni ugomvi.

Wazazi wetu wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, khanga ilipokuwa adimu madukani, ukipata doti umeula. Wakati ule kitambaa hakikatwi mpaka watu watatu wamekitazama. Leo maduka yamejaa, tumekuwa wepesi wa mkasi. Lakini hela ya kununulia haijawa nyepesi. Bado ni tangawizi ya mtu, ni maharage ya mtu, ni mshahara wa mtu wa mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo simu ikija tena, "Mwanangu, tuletee vitenge, tuko 20," usiseme sawa. Sema: "Shikamoo mama. Naomba kwanza nyonga za kila mtu bila sweta, urefu wa sketi mnaoutaka, na jina la mshono." Watacheka, watasema mtoto wa mjini ana maringo. Waache wacheke. Siku ya sherehe watahesabu watu 20 mstari wa mbele, wote ua moja.

Wiki ijayo nitakuja na mambo ya bitana na zipu, maana hapo nako kuna kasheshe zake. Mpaka hapo, kaza mkasi, lakini pima kwanza. Ciao!